PISTONI, SILINDA NA VALVU ZA PAMPU YETU

(Haya ni mazungumzo ya mtunza pampu mbele ya mkutano wa wanachama, chini ya mwembe wa ghala. Katibu ameyanakili karibu yote kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale waliokuwa shamba au sokoni siku hiyo. Msomaji asiegemee ukuta, wino haujakauka.)





Kama mnavyoona, nimekuja na sinia. Ndani yake mna pistoni moja, ringi zake, valvu moja, na kipande cha sponji kilichochanika. Vyote hivi vimetoka tumboni mwa pampu yetu. Nimevileta kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwelewe pampu iliugua nini na ilitibiwaje. Ya pili sitaificha. Kuna maneno yanapita kisimani na mpaka soko la Tegeta yamefika, kwamba eti mtunza pampu kauza pistoni mpya ya ushirika akarudishia kuukuu. Aliyesema simlaumu. Mmechangishwa fedha mara mbili kwa ugonjwa mmoja, na mtu mwenye akili timamu lazima aulize. Jibu langu ni sinia hili. Nikimaliza litapita kwa kila mmoja, mshike, mnuse, mkwaruze kwa kucha.

Sasa nianze na lililo gumu, ili nipate kusema mengine kwa raha. Pampu hii niliiua mimi.

(Minong'ono.)

Naam, mimi mwenyewe. Masika yalipokwisha, injini ilianza kuwa nzito, inakohoa kohoa. Nikafungua kikasha cha filta ya hewa nikakuta sponji imejaa tope, tena imechanika. Nikaitoa. Nikawasha bila filta, na injini ikapata nguvu kama mpya. Nikafurahi. Nikasema, kesho nitapanda daladala niende Kariakoo ninunue nyingine. Hiyo kesho ikawa miezi miwili. Na ninyi mnajua pampu yetu inakaa wapi: bondeni, hatua chache kutoka barabara ya vumbi, malori ya mchanga na kokoto yanapita kutwa. Sisi watu wa Wazo vumbi tunalila, tunalivaa na tunalilalia. Lakini mwanadamu ana pua na anapiga chafya. Injini haipigi chafya. Ile sponji ndiyo pua yake, nami niliikata.

Ili mnielewe, lazima nieleze kidogo injini inavyofanya kazi. Yetu ni injini ndogo ya petroli ya hospawa 5.5, ya umbo la Honda GX160 na zile za China zinazofanana nayo. Nyingi mnaziona kwenye pampu za maji, kwenye jenereta na kwenye mashine za kuchanganyia zege. Silinda yake ni moja tu, na upana wa tundu lake ni milimita 68. Pistoni inapanda na kushuka humo milimita 45.

Kazi yake ni ya mapigo manne, yaani mtindo ule ule ambao Mjerumani Otto aliufanikisha mwaka 1876. Pigo la kwanza, pistoni inashuka, valvu ya kuingizia iko wazi, inavuta hewa na petroli. Pigo la pili, valvu zote mbili zimefunga, pistoni inapanda na kubana ile hewa mpaka nafasi yake inakuwa ndogo karibu mara nane na nusu. Pigo la tatu, plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu; hapo ndipo maji yetu yanapopatikana. Pigo la nne, valvu ya kutolea inafunguka, moshi unatoka. Injini ikienda mizunguko 3,600 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 30 kwa sekunde moja. Hebu sema "moja": mara 30 zimekwisha.

Sasa angalieni. Kati ya mapigo manne, ni moja tu linalotupa kazi, na hilo moja linategemea lile la kubana. Kama hewa haibanwi vizuri, moto ni dhaifu. Na hewa ikibanwa inataka kutoroka. Inaweza kutoroka chini, kupita kati ya pistoni na silinda, kama ringi zimelika. Inaweza kutoroka juu, kwenye valvu, kama hazikai sawasawa. Au ubavuni, kwenye gasketi ya silinda hedi. Milango ni hiyo mitatu. Fundi anayefungua injini bila kujua hewa inatoroka kwa mlango upi, huyo anapiga ramli.

Nasi ramli tulipigiwa, nami nikakubali. Injini ilipoanza kutoa moshi wa buluu, kula oili na kusukuma maji kwa unyonge, nilimwita fundi mmoja. Jina lake halina kazi hapa. Akatazama moshi, akasema: "Ringi hizo." Akafungua, akatia ringi mpya, akafunga. Kazi ya asubuhi moja. Pampu ikaenda wiki mbili, moshi ukarudi ule ule. Ule ndio mchango wenu wa kwanza, na ndio uliozaa maneno. Kwa kweli ringi mpya zilitiwa, wala hazikuuzwa. Hizi hapa kwenye sinia, zinang'aa bado. Kosa ni kwamba hakuna aliyepima silinda. Fundi hakupima, nami niliyesimama pembeni nimeshika tochi sikumwambia apime.

Mara ya pili nikasema, sasa kupima kwanza, kununua baadaye. Tulifanya hivi, na vijana wangu wawili ni mashahidi.

Kwanza, kabla ya kufungua hata nati moja, tulitoa plagi, tukatia kijiko kimoja cha oili safi ndani ya tundu, tukarudisha plagi, tukavuta kamba pole pole. Kabla ya oili kamba ilikuwa laini, inakuja tu. Baada ya oili ikawa nzito kidogo. Maana yake nini? Oili imeziba kwa muda ule upenyo kati ya ringi na silinda. Kwa hiyo mlango wa chini unavuja. Lakini haikuwa nzito vya kutosha, na mmoja wa vijana alipoweka sikio karibu na bomba la moshi wakati mimi nazungusha taratibu, akasikia sauti kama ya nyoka: sss. Basi na valvu ya kutolea nayo inavuja. Hapo tukajua wagonjwa ni wawili, na bado hatujatumia hata shilingi.

Pili, tukafungua. Ndugu zangu, kabla ya kufungua tuliosha injini kwa nje kwa mafuta ya taa na brashi, mbali na jiko, bila mtu kuvuta sigara. Kisha tukaibeba mpaka ndani ya ghala, tukatandika shuka jeupe juu ya meza. Mke wangu aliuliza shuka linakwenda wapi. (Kicheko.) Jeupe kwa sababu juu yake punje ya mchanga inaonekana. Kila kilichotoka tulikipanga kwa mpangilio wake, valvu ya kuingizia upande wake, ya kutolea upande wake, fito zake za kusukumia pamoja nayo. Vyuma vilivyozoeana havitenganishwi.

Tatu, tukapima silinda. Karakana kubwa zina saa ya kupimia tundu, sisi hatuna. Lakini iko njia ya maskini, na ni ya kweli. Chukua ringi mpya, itie peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa isilale upande. Ringi ina mkato, na mkato ule una mwanya. Pima mwanya kwa vile vijani vya chuma ambavyo mafundi wanaviita fila geji. Kwa injini hii, ringi mpya ndani ya silinda nzima inatakiwa ionyeshe mwanya wa milimita 0.2 mpaka 0.4. Ukipita 1.0, basi tena.

Tulipima chini kabisa ya silinda, ambako ringi haifiki na chuma hakijalika: 0.3. Vizuri sana. Tukapima juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia: 1.2! Nikawaambia vijana wapige hesabu ya shule. Tofauti ni 0.9. Gawa kwa 3.14, kwa kuwa mwanya ule ni sehemu ya mzunguko na sisi tunataka upana. Unapata karibu 0.29. Yaani silinda yetu juu imepanuka karibu milimita 0.3, wakati mwisho wa kuvumiliwa kwa injini hii haufiki hata 0.2. Ringi mpya za mchango wa kwanza zilikuwa zinacheza humo kama kifuniko cha sufuria ndogo juu ya sufuria kubwa.

Na ni nini kilichoilamba silinda? Si uzee. Pitisheni kidole kwenye pistoni hii mtakapoishika. Mtaona mikwaruzo ya kusimama, juu mpaka chini, kama mtu kaikuna kwa uma. Huo ni mchanga. Punje ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Ikiingia na hewa inakutana na oili, inakuwa msasa wa majimaji, na pistoni inausugua msasa ule mara elfu kadhaa kwa dakika. Miezi miwili imetosha. Sponji ya bei ya sahani ya wali imekula silinda nzima.

Mzee wetu mmoja pale nyuma ananyanyua mkono. Ndiyo, mzee wangu.

(Mzee: Mwanangu, kama ndivyo, kwa nini msingenunua pampu mpya tukaachana na hiyo?)

Swali zuri, mzee wangu. Kamati ilijadili. Jibu ni kwamba kilicholika ni milimita 0.3 tu ya chuma. Bodi nzima, krankshafti haijakwaruzwa, beringi hazichezi, pampu yenyewe ya maji ni nzima. Hivyo vyote navyo tulivipima, hatukukisia. Silinda ya injini hii ndani yake ina bomba la chuma cha kalibu lililozungukwa na aluminiamu, na bomba hilo linaweza kuchongwa upya. Tukalipeleka Gerezani, Kariakoo, kwenye karakana ya kuchonga vyuma. Wakalipanua kwa nusu milimita, kutoka 68.0 mpaka 68.5, na kulisugua kwa mawe maalumu mpaka likapata mistari myembamba iliyokatizana kama mkeka. Mistari ile si uchafu, ndiyo inayoshika oili. Kisha tukanunua pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita ile ile pamoja na ringi zake. Hesabu zote, za kuchonga, za pistoni, gasketi na nauli, Mweka Hazina amezibandika chini ya gazeti hili pamoja na risiti. Linganisheni wenyewe na bei ya pampu mpya.

Nne, valvu. Shikeni hii iliyo kwenye sinia, mtazame ukingo wake. Upande mmoja una pengo jeusi kama jino lililooza. Imeungua. Valvu ya kutolea inapitiwa na moto kila mara, na njia yake kubwa ya kupoa ni kukaa sawasawa kwenye kiti chake, ili joto lihamie kwenye silinda hedi. Ndiyo maana inaachwa nafasi ndogo kati ya roka na shina la valvu. Kwa injini hii, ikiwa imepoa kabisa, nafasi hiyo ni milimita 0.15 kwa valvu ya kuingizia na 0.20 kwa ya kutolea. Karatasi ya daftari ina unene wa karibu 0.1, kwa hiyo mnaona tunazungumza juu ya vitu vidogo. Valvu na kiti vikilika, nafasi ile inapungua mpaka inakwisha. Ikiisha, valvu haifungi kabisa, moto unapenya ubavuni, valvu inaungua. Na ile nafasi inapimwa kwa dakika kumi tu. Tangu pampu inunuliwe haikuwahi kupimwa, na hilo pia liandikeni kwenye daftari langu.

Ya kutolea tulinunua mpya. Ya kuingizia ilikuwa nzima, ilihitaji kusagwa tu. Kusaga valvu ni kazi ya uvumilivu. Unapaka ukingo wa valvu dawa ya kusagia, ile ya chenga chenga kwanza, halafu ile laini. Unaishika kwa kijiti chenye kikombe cha mpira, unazungusha huku na huku kama mtu anayepekecha moto, unainyanyua kidogo, unaigeuza, unaanza tena. Usizungushe upande mmoja tu, itachora duara. Ukifuta, unataka kuona mkanda wa kijivu, mwembamba wa karibu milimita moja, umezunguka wote bila kukatika. Tulizisaga zote mbili, nayo ile mpya, kwa kuwa upya wa valvu haumaanishi imeelewana na kiti cha zamani.

Kupima kama umefaulu, rudisha valvu na springi zake, pindua silinda hedi, mimina petroli kidogo kwenye njia ya hewa, tazama upande wa valvu. Ikitoka jasho, rudi ukasage. Yetu ya kutolea ilitoka jasho mara mbili, tukasaga mara ya tatu mpaka saa za magharibi.

Halafu kuosha. Hapa nawaomba vijana mnisikilize sana. Dawa ya kusagia nayo ni mchanga! Na silinda iliyotoka kuchongwa imejaa unga wa mawe. Ukifunga hivyo, umejitilia mwenyewe ugonjwa ule ule. Petroli peke yake haitoshi, inaondoa mafuta na kuuacha unga ndani ya ile mistari. Silinda tuliiosha kwa maji ya moto, sabuni na brashi, kama mtoto mchanga. Tukaikausha, tukapitisha kitambaa cheupe chenye oili. Kikatoka cha kijivu. Tukaosha tena. Mara ya nne kikatoka cheupe. Hapo hapo tukapaka oili, maana chuma kile kikiachwa na maji kinaota kutu mbele ya macho yako.

Tano, kufunga. Ringi zina alama ndogo, alama hutazama juu. Mikato ya ringi isipangwe mstari mmoja, maana hewa itapata barabara iliyonyooka. Unaitawanya theluthi theluthi ya mduara, kama mafiga matatu. Pistoni ina alama kichwani, nayo inaelekea upande wa fito za kusukumia valvu. Kifuniko cha mkono wa pistoni kina kijiko cha kurushia oili, alama zake zikutane na za mkono wenyewe. Krankshafti na kamshafti zina nukta kwenye meno yao, na nukta hizo lazima zitazamane. Ukikosea jino moja, valvu zitafunguka wakati si wake, na utavuta kamba mpaka bega litoke.

Bolti nazo hazikazwi kwa hasira. Za silinda hedi ni nne, zinakazwa kwa kukatiza, msalaba, kidogo kidogo mara mbili tatu, mpaka nyutoni-mita 24. Kama huna spana ya kupimia mkazo, fanya tulivyofanya: chukua spana ya urefu wa sentimita 25, ilaze sawa na ardhi, ning'iniza ncha yake mzigo wa kilo 10. Inapoacha kwenda, ndipo hapo. Zile za mkono wa pistoni ni nusu yake, kilo 5. Tulitumia mfuko wa unga tulioupima kwenye mizani ya ghala. Gasketi ni mpya. Ya zamani hairudishwi hata ikiwa inapendeza.

Mwisho tukarekebisha nafasi za valvu, pistoni ikiwa juu kabisa katika pigo la kubana, valvu zote mbili zimefunga. Tukatia oili mpya, karibu lita 0.6. Na kabla ya kuvuta kamba, tukafunga filta mpya.

Saa tano asubuhi nikavuta. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Si nilisema?" Ya tatu ikawaka. Moshi ulitoka kidogo kwa ile oili tuliyopaka, ukaisha. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani akaitua chini, akakaa juu yake akicheka. Wiki tatu alikuwa anamwagilia matuta yake kwa ndoo ile, na nusu ya mchicha wake ulikwisha kauka. Yeye ndiye aliyenifanya nione aibu kuliko maneno yote ya sokoni.

Sasa, ndugu wanachama, ya huko mbele. Injini iliyofunguliwa ni kama mzazi aliyejifungua, hapewi mzigo mzito siku hiyo hiyo. Kwa siku za mwanzo tunaiendesha kwa zamu fupi na bila kuiminya mpaka mwisho, ili ringi zizoeane na silinda. Oili ya kwanza inamwagwa baada ya saa 20, kwa sababu ina chembe za chuma za kuzoeana. Baada ya hapo kila saa 100, au kila miezi sita, lolote litakalotangulia. Kila asubuhi kipimo cha oili kitazamwe injini ikiwa mahali tambarare.

Filta ya hewa, watengenezaji wanasema isafishwe kila saa 50, na mahali penye vumbi mapema zaidi. Wazo ni mahali penye vumbi! Kwa hiyo sisi tutaifungua kila Jumamosi. Sponji inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, inakaushwa kabisa, inachovywa kwenye oili safi, inakamuliwa. Ile oili ndiyo inayonasa vumbi. Ya karatasi haioshwi, inagongwa gongwa taratibu, ikichoka inatupwa. Na ghalani itakaa filta moja ya akiba siku zote, isije tena ikawepo "kesho nitanunua".

Yuko mama anauliza. Karibu, mama.

(Mama: Sisi tusiojua spana, tutajuaje kwamba inaanza kuugua tena?)

Mama, wewe ndiye utakayejua kabla yangu, maana unakaa nayo. Tazama moshi. Wa buluu, inakula oili: ringi, au oili inapita kwenye mashina ya valvu. Mweusi, petroli imezidi au filta imeziba. Sikiliza kamba. Ikianza kuja laini bila ubishi, kubana kumepungua. Tazama tuta la mwisho kule mbali. Maji yakichelewa kufika kuliko jana, na mpira haujatoboka, niite. Ukiona nimesema "kesho", mwite Mwenyekiti.

(Kicheko.)

Jambo la mwisho. Nimeleta daftari hili jipya. Kila anayewasha pampu aandike saa ya kuwasha na saa ya kuzima, na oili aliyoongeza. Bila saa hizo, ile habari ya saa 20 na saa 100 ni hadithi tu. Na naomba vijana hawa wawili waliosaga valvu wapewe nafasi ya kusoma ufundi, kama ushirika utaweza, VETA Chang'ombe au kwingineko. Ushirika usiwe na mtu mmoja tu anayejua mahali pa kuweka sikio. Mtu mmoja akikosea, kama nilivyokosea mimi, hakuna wa kumwambia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa na ufa wa sponji, mkajenga ukuta ninyi. Kwa hilo naomba radhi. Kama kamati itaona mtunza pampu abadilishwe, nitakabidhi funguo leo hii bila kinyongo. Sinia linaanza kupita kwa wazee. Tafadhali valvu ishikeni kwa shina, ukingo wake unakata.



(Nyongeza ya Katibu: Sinia lilipita kwa wote na kurudi likiwa na vyombo vyake vyote. Mkutano ulikubaliana hivi. Mtunza pampu aendelee na kazi. Bei ya ringi za mchango wa kwanza, zilizoharibika bure, ataileta mwenyewe ghalani kidogo kidogo, na yeye amekubali. Vijana wawili watashika zamu ya filta kila Jumamosi, na kamati itaulizia nafasi zao za masomo. Vyombo vya zamani vimewekwa kwenye rafu ya ghala, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kuviona saa za kazi. Daftari la pampu limening'inizwa kwa kamba penye mlango wa kibanda cha pampu. Kalamu imefungwa pia, tafadhali isifunguliwe.)